Watoto wa miaka 6 niwaelezeje kamera ya sinema inavyofanya kazi?

BiDarasa: Habari za jioni wakuu. Kipindi ni dakika 30, darasa la kwanza, somo ni kamera ya sinema ile ya mkanda. Nikisema inapiga picha nyingi haraka haraka, wanauliza: mkanda ukikimbia hivyo, mbona picha hazitoki na ukungu? Nianzie wapi?

FundiMkanda: Anzia hapo hapo walipokubana. Mkanda haukimbii mfululizo. Unavutwa, unasimama, unavutwa, unasimama, mara 24 kwa sekunde. Nyuma ya lenzi kuna kidirisha. Kijino cha chuma kinaingia kwenye tundu la pembeni mwa mkanda, kinaushusha kwa picha moja, kinachomoka, kinarudi juu. Muda huo kisahani kinachozunguka, kilichokatwa nusu, kimeziba mwanga. Mkanda ukitulia, upande uliokatwa unafika na mwanga unaingia. Picha moja inapata 1/48 ya sekunde tu!

Waigize: mmoja kijino, mmoja kisahani (ashike daftari), wengine wapange foleni wawe mkanda. "Vuta, ziba! Tulia, fungua!" Kisahani akichelewa, picha imeharibika, na wenyewe watamzomea.

Mzee wa Lenzi: Nyongeza kwa fundi: juu na chini ya kidirisha mkanda huachwa umelegea kama kitanzi. Magurudumu ya meno yanauzungusha taratibu bila kusimama, kijino kinaushtua. Kitanzi kikiisha, matundu yanachanika.

Mama Manila: Wape na cha kushika, dada. Kata manila nyeusi urefu sm 60, upana sm 16. Ukingo wa juu toboa nyufa 12 za wima, kila baada ya sm 5, upana mm 3, urefu sm 4. Kunja duara, gundisha kwenye sahani ya boksi, choma penseli katikati. Ndani, chini ya nyufa, bandika michoro 12 ya mpira unaodunda. Zungusha, uchungulie upande wa pili kupitia ufa: mpira utaonekana unadunda. Ufa ukiwa mpana, mpira unakuwa ukungu. Mwembamba mno, giza. Ufa ndiyo kazi ya kile kisahani.

BiDarasa: Asanteni sana. Na sauti, wakiuliza?

FundiMkanda: Hurekodiwa na mashine nyingine pembeni. Ndiyo maana kile kibao chenye mdomo wa kufumba hugongwa mbele ya kamera mwanzoni: mlio wa "ta!" unalinganishwa na picha ambayo kibao kimefumba.