Tupeane uzoefu: utafiti wako ulipokutana na "mambo ya usalama"

Wakuu, habari za leo. Juzi nimekaa kwenye benchi la mapokezi ya ofisi moja hapa Dar es Salaam tangu saa tatu asubuhi mpaka mama wa chai akapita kukusanya vikombe. Nafuatilia ruhusa ya kupiga picha za mafuriko bonde la Msimbazi kwa droni. Kibali cha utafiti ninacho, cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ninacho. Jibu: "Hii lazima watu wa usalama waione kwanza." Sibishi, ila waone nini, hakuna anayesema. Masika ndiyo hiyo inakuja, maji hayatanisubiri. Nyie mlipitaje?

mchora_ramani
Mimi yalinikuta Kigogo. Mjumbe tulikuwa tumeshampa barua, lakini waliotufuata hawakuwa wa mtaa. Wakachukua memori kadi. Kumbe picha nne pembeni zimenasa paa la jengo fulani, paa ambalo hata kwenye ramani ya simu unaliona! Nilikasirika wiki nzima. Ila kwa haki, sisi ndio hatukuwauliza. Siku hizi nachapa ramani, nachora kwa kalamu nyekundu droni itapita wapi, nawapelekea: kateni msipopataka. Wanakata kidogo sana. Zinazobaki naziweka wazi, achukue anayetaka.

mtu_wa_maabara
Mtanichukia, mimi niko upande wa serikali. Sampuli za binadamu haziendi nje bila mkataba wa kuzihamisha kupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na iwe hivyo. Lakini maandishi ni jambo lingine. Mnakumbuka kirusi cha mafua ya ndege, H5N1? Maabara ya Rotterdam na ya Wisconsin zilikifanya kiambukize wanyama wa maabara kwa hewa. Desemba 2011 bodi ya Marekani ya ushauri wa usalama wa kibaiolojia ikataka maelezo ya namna walivyofanya yafichwe. Dunia ikagombana miezi kadhaa, na 2012 makala zote mbili zikatoka kamili. Kufuli liwe kwenye friji, hapo sina ubishi. Kwenye jarida mnajichosha tu.

mwanafunzi_wa_zamani
Langu halikuwa na kirusi wala droni, lilikuwa kipato cha mama lishe Tandale. Nilihesabu mpaka sahani zinazotoka kwenye sufuria moja ya wali. 2018 Sheria ya Takwimu ikabanwa: ukitoa namba zinazopinga za serikali, faini isiyopungua milioni kumi au jela miaka mitatu. Msimamizi akaniambia sura ya nne niiweke kabatini. 2019 wakailegeza, nikaitoa. Bei za mchele zilikuwa zimeshabadilika, ikabidi nirudi sokoni na daftari upya. Mpaka leo sijaelewa usalama wa nani ulikuwa kwenye ule wali.

mwanzisha mada
Nimeitwa kesho saa mbili. Mkuu mchora_ramani, ile ramani ulichapa kwenye A3 au A4 inatosha? Kalamu nyekundu nimeshanunua.