Ulinganisho: shahada mbili za Uhasibu na Fedha nje ya nchi, Uhasibu na Fedha kwa pamoja hapa nchini, au Uhasibu peke yake kisha CPA?

Kaka wa Buhongwa
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, matokeo ni mazuri, na familia imenikabidhi mimi suala la chuo. Mwenyewe anataka uhasibu na fedha. Tuna njia tatu. Wakala mmoja hapa mjini anasema aende Australia akasome shahada mbili kwa mpigo, arudi na vyeti viwili. Njia ya pili ni shahada moja iliyobeba vyote, ile ya Uhasibu na Fedha kama ya Mzumbe. Ya tatu ni Uhasibu tu hapa hapa Mwanza, akimaliza aanze CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu. Wakala anataka jibu kabla ya Jumamosi pamoja na hela ya kushika nafasi. Ipi bora? Naombeni mawazo.

Mzee wa Kirumba
"Matokeo mazuri" ndiyo nini, kijana? Kasoma kombi gani, kapata alama zipi, hesabu ya kidato cha nne ana ngapi, nani analipa, na mtoto anataka kuwa nani? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha maisha ya mtu.

Leja ya Nyakato
Naungana na Mzee. Ila hata kabla hujajibu, mimi nasema uhasibu kwanza. Ni taaluma yenye bodi yake kisheria. Bodi hiyo, NBAA, imetokana na sheria ya mwaka 1972, na mtu hawezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu kama hajasajiliwa nayo. Mwenye shahada ya uhasibu anaanzia hatua ya kati kwenye mitihani ya CPA, wakati aliyesoma fani nyingine anaanzia chini kabisa. Kituo cha mtihani kipo hapa Mwanza, hakuna habari ya nauli ya Dar. Tangazo la kazi likitoka, liwe la halmashauri au la mgodini kule Geita, utakuta shahada ya uhasibu, kisha CPA(T), yaani CPA ya Tanzania. Sijawahi kuona linalodai shahada mbili.

Kaka wa Buhongwa
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Kasoma ECA. Uchumi C, Biashara B, Uhasibu B, BAM, ile hesabu ya ziada, kapata S, ufaulu wa chini. Hesabu ya form four ana D. Ada tutalipa mimi na mama mkubwa, ambaye anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni. Kazi anayoitaka anasema ni "benki au ukaguzi".

Mzee wa Kirumba
Sasa tunaongea. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka principal mbili (masomo yaliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, na huyu Biashara na Uhasibu peke yake zina 8, maana kila B ni pointi 4. Hapa ndani mlango uko wazi, abaki kuangalia masharti ya kila kozi. Australia ni habari nyingine. Viza ya mwanafunzi inadai mwonyeshe fedha za kujikimu mwaka mmoja, dola 29,710 za kule, hapo ada na tiketi ya ndege havijaguswa. Akiwa masomoni anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 tu kwa wiki mbili, kwa hiyo msidanganywe kwamba atajilipia mwenyewe. Na msitegemee bodi ya mikopo kwa hilo. Wakala kawaambia haya?

Kaka wa Buhongwa
Hapana mzee wangu. Katuonyesha karatasi ya ada ya mwaka wa kwanza tu.

Dada wa Pasiansi
Kaka, usitoe hata shilingi Jumamosi hiyo. Nisikilize, hili lilitokea nyumbani kwetu.

Baba mdogo aliuza kiwanja chake Kisesa ili binamu yangu aende nje kusoma hiyo hiyo "shahada mbili". Nchi haikuwa Australia, lakini maneno ya wakala yalikuwa haya haya: nafasi chache, lipeni mapema. Barua ya udahili ilipokuja, kichwa kimeandikwa Fedha na Uhasibu kwa herufi nene, nyumba nzima ikashangilia, na jirani zetu wakaja kupongeza. Ukurasa wa tatu hakuna aliyeufikia. Ulisema mwaka wa kwanza ni kozi ya maandalizi, tena kwenye chuo kingine kabisa, na akifaulu ndipo aombe upya kuingia chuo kikuu. Kijana kafika kule ndiyo anaelezwa. Akasoma mwaka huo, akafaulu, akaambiwa shahada yenyewe ni moja tu yenye michepuo miwili. Ada ikawa imepanda. Baba mdogo akauza na ng'ombe waliobaki Magu, bado haikutosha, kijana akarudi.

Tulikwenda kwa wakala kudai ile hela ya kushika nafasi. Akasema hairudi, iko kwenye risiti. Risiti hiyo nimeishika mimi kwa mkono wangu: karatasi ya njano, maneno ya "malipo hayarejeshwi" yamewekwa nyuma, chini kabisa, na muhuri wa bluu umegongwa juu yake hadi nusu ya maneno hayasomeki. Baba mdogo alikaa pale kwenye kiti bila kusema kitu. Binamu sasa yuko chuo cha hapa ndani, kaanza mwaka wa kwanza na watoto waliokuwa kidato cha nne wakati yeye anamaliza cha sita.

Ombeni barua yote, msome kila ukurasa. Kisha nendeni TCU mkaulize kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambulika, maana cheti cha nje bila kutambuliwa kitawasumbua kwenye ajira.

Kaka wa Buhongwa
Dada, pole sana. Nimemsomea mama mkubwa ujumbe wako wote kwa sauti. Jumamosi haiendi hela mahali.

Msukuma wa Benki
Pole sana dada. Lakini tusiizike shahada mbili kwa sababu ya matapeli. Kule Australia ni utaratibu halali. Masomo yanayofanana, kama uchumi, takwimu na sheria za biashara, yanahesabiwa pande zote mbili, ndiyo maana mtu anamaliza kwa miaka 4 badala ya 6. Tatizo langu ni jozi yenyewe. Uhasibu na fedha vimeingiliana mno, kwa hiyo cheti cha pili hakiongezi mengi. Mwaka wa ziada unalipa zaidi ukichanganya fani zilizo mbali: uhasibu na sheria, au fedha na kompyuta.

Na kwa huyu dogo, kama anataka benki, fedha isiachwe. Chukueni mfano wa hapa hapa ziwani. Kiwanda kinanunua sangara leo kwa shilingi taslimu. Minofu inasafirishwa Ulaya, malipo yanakuja kwa euro baada ya wiki kadhaa. Katikati hapo shilingi ikipanda thamani, euro zile zile zinaleta shilingi pungufu, na faida yote inaweza kuyeyuka. Mhasibu ataiandika hasara hiyo vizuri sana vitabuni. Mtu wa fedha ndiye alipaswa kuuliza mapema kwa nini kiwango cha kubadilishia hakikufungwa na benki siku ya kusaini mkataba.

Leja ya Nyakato
Mkuu, nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na aliyeliona tatizo hilo kwetu ni mhasibu. Alikuwa analinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, akaona pengo linajirudia. Huwezi kupanga kesho kama vitabu vya jana ni uongo.

Msukuma wa Benki
Aliliona baada ya hela kupotea. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Kijana wa Malimbe
Mimi nasoma biashara chuo kikuu cha SAUT, naomba kuuliza wakubwa: kwa nini wote mnataja CPA tu? ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, ina mitihani 13, wenye shahada ya uhasibu wanasamehewa baadhi, na inatambulika nchi nyingi.

Leja ya Nyakato
Nzuri, lakini unalipa kwa pauni, mdogo wangu. Usajili wa mwaka kwa pauni, kila mtihani kwa pauni. Chukua CPA kwanza, ACCA ukailipie na mshahara wako.

Mzee wa Kirumba
Mmesahau D ya hesabu na S ya BAM. Kwenye fedha atakutana na thamani ya fedha kwa wakati, uwezekano, takwimu. Mtoto ajiulize kwa dhati kama anaziweza, asije akasapu, yaani kurudia mitihani, kila semista.

Msukuma wa Benki
Hesabu za fedha zinafundishika, mzee. Nimeona watu wa D wakifanya mikopo ya mabilioni. Awe na bidii na ajue Excel.

Mzee wa Kirumba
Na mimi nimeona waliodisko, wakaondolewa chuo.

Kaka wa Buhongwa
Nashukuru wote. Australia tumeiweka pembeni. Sasa ni Mzumbe au hapa nyumbani, vyuo vya TIA na CBE vina kampasi Mwanza. Mama mkubwa anataka abaki karibu, dogo anataka Mzumbe. Mimi mwenyewe hoja ya sangara imeniingia, na ya Leja pia imeniingia. Akibaki hapa, alale nyumbani Buhongwa au apange chumba?

Dada wa Pasiansi
Alale nyumbani mwaka wa kwanza, hela ya chumba iende kwenye vitabu na kompyuta.

Kijana wa Malimbe
Apange, dada. Daladala za asubuhi zinajaa, na majadiliano ya kikundi yanaisha usiku. Ila akipata chumba, aulize kama kina mita yake ya Luku. Tukichangia mita moja vyumba sita, kuna mtu anapikia jiko la umeme na bili tunagawana sawa.