Suti nyeusi, glavu nyeupe, mvua juu yetu: loji zituheshimu!

Wakuu, heshima zenu.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mlio Wafrimasoni mtanielewa mara moja, na mlio kwenye vyama vingine vya kindugu vyenye sare na maandamano, najua yanawakuta haya haya. Hoja yangu ni moja: loji, yaani tawi la chama, inayomlazimisha mtu kuvaa mavazi yasiyovumilia maji ina wajibu wa kupanga kabla, mvua ikinyesha itakuwaje. Loji nyingi hazipangi chochote.

Chukua barua ya mwaliko wa hafla yoyote uisome. Mavazi yameelezwa mpaka basi: suti nyeusi, shati jeupe, tai nyeusi, soksi nyeusi, viatu vyeusi vya kung'aa, glavu nyeupe, aproni ya sherehe ya kufunga kiunoni, na kola, ule utepe mpana wa mabegani, kwa mwenye cheo. Ukitokea na viatu vya kahawia utavutwa pembeni uambiwe. Sasa tafuta mstari unaosema mvua ikinyesha tunakutana wapi, milango inafunguliwa saa ngapi, miavuli inawekwa wapi. Haupo! Na wingu lote hilo kila mtu ameliona tangu asubuhi.

Juzi tulikuwa na hafla ya kuweka jiwe la msingi. Mvua ilianza kabla msafara haujapangwa. Mkurugenzi wa Sherehe akaagiza miavuli ishushwe kwa sababu inaharibu mstari. Tukashusha, tukasimama. Wazee wetu, wengine wanaotembelea fimbo, wakasimama vichwa wazi kama sisi mpaka msafara ulipoondoka. Jiwe likapimwa kwa kipimapembe, pimamaji na timazi kama ilivyo desturi, kisha ikaja zamu ya nafaka, divai na mafuta. Ngano ikamwagwa juu ya jiwe na maji yakaisomba yote mpaka kwenye matope, maneno yake yenyewe hayajamalizika kusemwa. Tendo ambalo lilipaswa kuwa zito kuliko yote siku ile likafanywa mbiombio ili watu wakajisitiri. Hilo limeniuma kuliko suti, kuliko viatu, kuliko kila kitu.

Halafu kuna aproni. Ninayo hapa mezani, nimeitandaza juu ya taulo. Ni ya daraja la tatu, la ndugu aliyekamilisha hatua zote tatu za kupokelewa, yenye ukingo wa buluu ya mbingu na maua matatu ya utepe. Lile ua la chini kulia limechuja rangi, buluu imeteremka kwenye ngozi nyeupe na kuacha doa lenye ukingo mkali, na naliona halitoki. Kuna ndugu wanasema "ni kitambaa tu, utanunua nyingine." Siyo kitambaa tu. Mtu huvishwa aproni siku anayopokelewa, anaambiwa ailinde isipate waa, na wapo wanaozikwa nazo. Huwezi kunifundisha hivyo ndani ya loji halafu nje uniamuru nisimame nayo kwenye mvua.

Na wanaoamua haya wangejua vifaa wanavyotuvalisha, wasingethubutu. Ngozi nyeupe ya mwanakondoo iliyolainishwa kwa shabu, kwa ile njia ya zamani, haipatani na maji hata kidogo. Maji yanaiyeyusha shabu na kuiondoa, na ngozi ikikauka inakakamaa kama ubao. Kola za hariri yenye mawimbi ni balaa zaidi, maana yale mawimbi yamekandamizwa kwenye kitambaa kwa joto na uzito. Tone likiingia, nyuzi zinavimba, wimbi linapotea pale pale na halirudi. Nyuzi za dhahabu kwenye mavazi ya wenye vyeo mara nyingi ni shaba iliyopakwa dhahabu au fedha juu yake, na unyevu ukikaa humo zinageuka nyeusi. Hata upanga wa mlinzi wa mlango unashika kutu kama haukufutwa usiku ule ule.

Kwa walioloweshwa kama mimi: msiitie aproni kwenye mkoba na kuufunga. Humo ukungu utaota kabla hamjakaa sawa. Igandamizeni kwa kitambaa cheupe kikavu bila kusugua, ilazeni bapa mahali penye hewa, na msiisogeze karibu na hita wala kuipiga pasi. Ngozi ikikaushwa kwa haraka inajikunja na kupasuka. Glavu za pamba fueni tu, hizo hazina neno.

Ndani nako ni vile vile. Mlango unafunguliwa kwa saa iliyopangwa, kwa hiyo tunaojitahidi kuwahi ndio tunaoloa. Ukiingia, hakuna chumba cha makoti, au kipo kimejazwa viti. Miavuli inalundikwa ukutani, maji yanatiririka mpaka kwenye sakafu ile ya miraba nyeusi na nyeupe. Ikiwa ni ya marumaru, iliyong'arishwa, na unaikanyaga kwa soli ya ngozi iliyolowa, unategemea nini? Mzee mmoja aliteleza mbele yangu, akadakwa na vijana wawili. Siku asipodakwa tutaandika rambirambi nzuri sana, najua.

Nikilalamika naambiwa wakongwe wetu walivumilia, na kwamba George Washington mwenyewe alivaa aproni akaandamana kwenda kuweka jiwe la msingi la jengo la Bunge la Marekani, tarehe 18 Septemba 1793. Sawa, hakuna anayepinga kuandamana. Lakini hao hao wakongwe walitazama anga kabla ya kupanga! Huko huko Marekani kulikuwa na loji nyingi za vijijini zilizopanga vikao vyao karibu na mwezi mpevu ili ndugu apate mwanga wa kumrudisha nyumbani usiku. Kanuni zao zilitaja mwezi waziwazi. Yaani watu wasio na taa za barabarani walifikiria ndugu atafikaje kwake salama, na sisi tunaobeba utabiri wa hali ya hewa mfukoni tunashindwa kusogeza msafara kwa nusu saa.

Najua tarehe za vikao vya kawaida zimo kwenye kanuni za loji na hazihamishwi kienyeji. Chini ya Loji Kuu ya Uingereza, chombo kinachosimamia loji zilizo chini yake, kuzihamisha kunahitaji kibali, na hata kutokea hadharani na mavazi ya loji kunahitaji kibali. Basi siku mnayoomba kibali cha kuandamana, andikeni humo humo kwamba mvua ikinyesha tutafanyia ndani, au tutaandamana na makoti meusi ya mvua, aproni ikavaliwe chini ya turubai. Turubai moja juu ya jiwe! Je, hilo nalo linavunja mila gani? Na mwavuli mweusi ukishikwa kwa mpangilio hauharibu mstari wowote. Kinachoharibu mstari ni watu wanaotetemeka.

Nimeshaandika hoja ya kubadilisha kanuni na nitaiwasilisha kwenye kikao kijacho. Inataka kila mwaliko wa hafla ya nje utaje mahali pa kujikinga, milango ifunguliwe mapema siku ya mvua, kuwe na mahali pa miavuli nje ya ukumbi, na wazee wasisimamishwe kwenye maji kwa amri ya mtu yeyote, awe na kola ya aina gani. Mkuu wa loji ameshanidokeza kwamba "si wakati wake". Nitaisoma hivyo hivyo. Kama loji yako ina kifungu cha namna hii, niwekee maneno yake hapa chini, na useme mliwashawishi vipi waliokuwa wakikipinga.