Udzungwa kwa siku moja: Sanje, Sonjo au Kambi ya Tatu?

Mtafutanjia
Salaam ndugu zangu. Familia yetu itapita Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mwezi wa saba, na tutakuwa na siku moja tu kabla ya kuendelea na safari ya Ifakara. Kwa kuwa ndani ya hifadhi hiyo hakuna barabara za magari na kila kitu huonwa kwa miguu, lazima tuchague njia mapema. Nimebakiwa na tatu: maporomoko ya Sanje, njia ya Sonjo, na mzunguko wa Kambi ya Tatu. Tuko watu wazima wanne, mmoja wao mama yetu ambaye magoti humsumbua, pamoja na mtoto wa miaka saba. Naomba waliozipita njia hizo wazilinganishe, hasa kwa ugumu wake na kwa kile ambacho mgeni hukiona kweli, si kile kinachoahidiwa kwenye vipeperushi.

Jirani wa Mang'ula
Karibuni sana. Kwangu mimi Sanje haina mpinzani. Maji yake huanguka kwa hatua kadhaa, kimo cha mita 170 hivi, na njia yenyewe ina urefu wa kilomita 5 ambazo huchukua takriban saa nne, ukihesabu na muda wa kupumzika. Msidanganywe na ufupi huo, kwani njia hupanda mfululizo, mizizi imejitokeza juu ya udongo, na jasho huanza kabla hamjauacha mwanguko wa kwanza nyuma yenu. Huko juu kuna dimbwi ambalo watu huoga, maji yake ni ya baridi hasa, na manyunyu hulowesha mawe pande zote kiasi kwamba hata mtu aliyesimama mbali kidogo hujikuta nguo zimelowa. Ukigeuka upande wa pili, bonde la Kilombero lote liko chini yako, na mashamba ya miwa yamepangwa kama mkeka.

Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni saa ya kuanza. Ukingo huu wa milima unatazama mashariki, kwa hiyo jua hupiga maporomoko asubuhi, na alasiri mlima wenyewe hulikinga. Anayefika saa tisa mchana hukuta kivuli na picha za kijivu.

Mzee wa Ramani
Ndugu Jirani amesema kweli kuhusu uzuri wa Sanje, ila amemsahau mama mwenye magoti. Kupanda si tatizo kubwa kwa mtu wa namna hiyo. Shida ni kushuka, ambapo kila hatua hutua kwa uzito juu ya mizizi na mawe yenye utelezi. Sonjo ina kilomita 2.5, huchukua saa mbili hivi, na inawapitisha kwenye maporomoko mawili madogo ambayo mtu anaweza kuyakaribia bila kuhema. Hata hiyo mama akiiona ni ndefu, karibu na makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula kuna njia ya kilomita 1 tu inayokwenda kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyefungua hifadhi mwaka 1992. Si makubwa, wala sitawapamba, lakini kwa mtoto wa miaka saba maji ni maji.

Mpenda Mbega
Naomba niiseme Kambi ya Tatu, kwa sababu ndiyo niipendayo na ndiyo ambayo ninyi hamfai kuijaribu. Ni kilomita 13 na karibu saa kumi za kutembea, kwa hiyo kwa mtoto na mama haifai kabisa. Inawafaa wanaotafuta wanyama na ndege kuliko maporomoko.

Hata hivyo, msidhani kwamba njia fupi hazina wanyama. Mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani nje ya eneo hili la Udzungwa na bonde la Kilombero, huonekana mara nyingi hata maeneo ya Mang'ula. Tazameni juu pale tawi linapotikisika bila upepo, kisha tafuteni utosi mwekundu. Ngolaga wa Sanje ni mgumu zaidi. Huyu ni nyani wa kijivu mwenye tumbo la rangi ya chungwa iliyofifia, ambaye hushinda chini akipekua majani makavu, na wataalamu hawakumtambua hadi mwaka 1979 ingawa wenyeji walikuwa na jina lake tayari. Mara nyingi mtasikia mlio wake kutoka mbali bila kumwona.

Kuhusu sange mwenye uso wa kijivu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008, wekeni matumaini kando. Anaishi kwenye misitu ya juu. Fahari ya Udzungwa ni msitu usiokatika kuanzia tambarare, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi juu kabisa milimani, na mgeni wa siku moja hugusa pindo lake tu. Mwongoza watalii anayeahidi zaidi ya hapo anatafuta bakshishi.

Binti Muheza
Kwa nini msifikirie Amani? Ni msitu wa mvua wa Tao la Mashariki, ile safu ya milima ambayo Udzungwa ni sehemu yake, vilevile, na bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

Mzee wa Ramani
Amani ni pazuri, dada, lakini wao wanaelekea Ifakara, na Muheza iko Tanga.

Mtafutanjia
Nawashukuru. Nimebaki na maswali mawili: je, Julai maji huwa yamepungua, na je, tulale Mikumi au Mang'ula?

Jirani wa Mang'ula
Julai ni wakati mzuri. Masika huwa yameisha mwezi wa tano, maji bado yana nguvu, na njia zimeanza kukauka. Anayekuja Oktoba hutembea pakavu zaidi lakini maporomoko huwa yamenywea. Laleni Mang'ula. Kutoka Mikumi ni kilomita 60 na kitu kupitia Kidatu, na mtakuwa mmepoteza ile asubuhi niliyowaambia. Malipo ya kiingilio hayapokelewi kwa fedha taslimu, hivyo shughuli ya kupata kumbukumbu namba ya malipo nayo ina muda wake.

Mtafutanjia
Basi tutagawanyika. Mama, mtoto na dada yangu wataingia Sonjo. Sisi wawili tutapanda Sanje.

Mzee wa Ramani
Uamuzi mzuri, ila lisemeni hilo mapema mnapojiandikisha Mang'ula, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuingia bila mwongozaji na kila kundi litahitaji wa kwake. Panga pia usafiri wenu, maana njia ya Sanje haianzii getini bali kijiji cha Sanje, kilomita chache kaskazini, na gari likiwa moja, kundi mojawapo litapanda bodaboda.