Chembe moja ya dendrima ipige picha na itibu saratani: mnakubali?

Mleta mada:
Wakuu, naweka hoja, mnikosoe. Watafiti wengi wa chembe za nano wanaahidi chembe moja yenye kazi mbili: iuonyeshe uvimbe kwenye MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) na papo hapo iupelekee dawa. Mimi napinga. Kazi hizo zitenganishwe.

Kwa asiyeijua, dendrima ni molekuli ya matawi, kila tawi likizaa mawili, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huitwa kizazi. Donald Tomalia na wenzake katika kampuni ya Dow, Michigan, waliichapisha ile iitwayo PAMAM mwaka 1985. Ya kizazi cha tano ina upana wa nanomita 5 hivi na ncha 128, na kila ncha unaweza kufungia kitu. Tamaa ilianzia hapo. Mwaka 2005 kundi la James Baker wa Chuo Kikuu cha Michigan liliripoti PAMAM iliyobebeshwa asidi ya foliki ya kuitafuta seli ya saratani, metotreksati ya kuiua, na rangi inayong'aa ya kuionyesha ilipo. Kwa panya, ilifanya vizuri kuliko metotreksati peke yake.

Lakini rangi ile ni kiasi kidogo mno. MRI ni habari nyingine. Mtu wa kilo 70 hudungwa gadoliniamu, metali ya kontrasti, yaani ya kuifanya picha ionekane wazi, inayokaribia gramu 1, na tunataka itoke kwa mkojo upesi: figo zikiwa nzima, nusu yake huondoka damuni kwa saa moja na nusu hivi. Dosetakseli, dawa ya saratani, ni miligramu mia na kitu, na mbebaji wake tunamtaka azunguke damuni muda mrefu. Zifunge pamoja uone: ama dawa itoke kabla ya kazi, ama gadoliniamu ing'ang'anie mwilini. Tangu 2006 inajulikana kwamba kwa mwenye figo mbovu inaweza kukakamaza ngozi na viungo. Mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha au kubana matumizi ya dawa za kontrasti zisizoishika gadoliniamu sawasawa. Leo tuitundike kwenye chembe isiyopita figoni kirahisi?

Mchangiaji (mfamasia):
Umeruka jambo kubwa, mkuu. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan, Toronto, lilipitia tafiti za miaka kumi likakuta kwa wastani asilimia 0.7 tu ya dozi ya chembe za nano ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Na huo ni wastani. Kuna uvimbe unaozipokea na kuna unaozikataa kabisa. Bila kuipiga picha chembe yenyewe, utamjuaje mgonjwa wa kupewa na wa kuachwa? Ukitumia kontrasti ya kawaida umepiga picha ya njia ya kitu kingine.

Mchangiaji mwingine:
Hiyo 0.7 inawatisha watu bure. Doxil, chembe ya nano inayobeba dawa ya saratani doksorubisini, iliidhinishwa Marekani 1995, na sifa yake kubwa ni kuupunguzia moyo madhara ya doksorubisini. Hicho ndicho kipimo changu: mgonjwa ameumia kiasi gani. Na dendrima si za panya tu. Jeli ya VivaGel ya Starpharma ya Australia ni dendrima, na usalama wake ulijaribiwa kwa wanawake wa San Francisco na wa Kisumu pia.

Mfamasia:
Jeli ya ukeni, ndugu. Haidungwi mshipani. PAMAM yenye amini tupu (vikundi vyenye chaji chanya) kwenye ncha zake hutoboa utando wa seli, ndiyo maana kina Baker walizifunika kwanza.

Mleta mada:
Mfamasia, hoja yako ya kumchagua mgonjwa naikubali yote, ila haidai gadoliniamu. Tazama wanavyotibu uvimbe wa nyuroendokrini (wa seli zinazotoa homoni): molekuli ileile huvikwa galiamu-68, metali yenye mionzi, kwa kipimo cha picha cha PET, wakiona imenasa, huvikwa lutetiamu-177, nayo yenye mionzi, kwa tiba. Anwani moja, barua mbili, siku tofauti. Dendrima inaweza kufuata njia hiyo.

Mchangiaji wa nne:
Lutetiamu yenyewe hutoa miali ya gama, na kamera huiona. Kwa hiyo chembe moja, kazi mbili, na Marekani imeiidhinisha tangu 2018. Mada yako imekufa.

Mleta mada:
Haijafa, imepata mpaka. Lutetiamu ya dozi nzima haifiki hata miligramu moja, na gama hiyo inakuja yenyewe, hakuna kilichoongezwa mwilini kwa ajili ya picha. Ninachopinga ni kumwongezea mgonjwa mzigo wa metali ili mtafiti apate picha nzuri ya kuchapisha. Na msisahau kuwa MRI hupigwa hata watu ambao mwishowe hukutwa hawana saratani. Mgonjwa wa kemo anaweza kukubali hatari kubwa. Huyu mwingine anaikubali kwa lipi?

Mfamasia, nijibu hilo. Kizazi cha tano, gadoliniamu kwenye ncha zote, figo zenye nguvu nusu: ungemdunga?

Mfamasia:
Kwa gadoliniamu, simdungi. Kwa chuma, ambayo nayo huonekana kwenye MRI na mwili unajua kuitunza, nipe nafasi nijenge hoja.