Mafundi wa Mtwara kama hamjui amplifaya za valvu semeni hamjui, mmeniharibia Vox ya mjomba!!

Wakuu salamu. Naandika nikiwa na hasira kwelikweli, mtanivumilia.

Kuna fundi hapa Mtwara mjini, jina na duka sitaji, nilimpelekea amplifaya ya gitaa ya mjomba wangu, Vox AC30, zile zilizokuwa zinatengenezwa Dartford kule Uingereza miaka ya 60, wati 30, valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) nne za EL84 kwenye pawa, yaani sehemu ya kusukuma spika, valvu ya GZ34 ya kugeuza AC iwe DC, spika mbili za Celestion za inchi 12. Mjomba kapigia dansi na hiyo mashine enzi Mbaraka Mwinshehe bado yuko hai, baadae ikawekwa stoo Mikindani ikakaa miaka na miaka, na upepo wa bahari mnaujua, skrubu zimeliwa na chumvi, soketi za valvu zimeota ukijani, kitambaa cha mbele panya wamekula. Lakini ilikuwa KAMILI, kila kilichotoka kiwandani kilikuwa humo.

Nilimwambia mbele ya watu, fundi usiiwashe hii. Kapasita za elektrolitiki, vile vikopo vya kutunza chaji, zikikaa muda mrefu bila umeme kile kitabaka cha oksaidi ndani kinachozuia umeme kinachakaa, sasa ukizipiga ghafla volti mia tatu na zaidi zinavujisha, zinachemka, zinapasuka. Unabadilisha kwanza. Ndo siku ya kuwasha unapitisha umeme kwenye balbu ya zamani ile yenye waya ndani, wati 100, balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia ujue kuna shoti, unazima unatafuta. Balbu tu jamani, nani anakosa balbu? Na zile kapasita ndogo za kopling, za kupitisha sauti na kuzuia DC, uzipime, maana zikipitisha DC kwenda kwenye gridi za EL84, pale sauti inapoingilia, valvu inakuwa nyekundu tumboni na inaweza kuondoka na transfoma. Akanijibu "bwana mdogo, nimeanza kufungua redio wewe hujazaliwa". Nikanyamaza kwa heshima ya umri wake nikamwachia na advansi.

Alichofanya, kaichomeka ukutani moja kwa moja. Fyuzi ikakata, ambayo ndo kazi yake ya kukata, yeye kaizungushia waya wa shaba akachomeka tena!! Nimeuona mwenyewe, waya mnene ule wa kufungia nyumba umeviringishwa juu ya fyuzi, kioo cheusi tii. Na chasisi kaitoa kwenye boksi kaiweka mezani, spika zimebaki kule, kaunganisha simu anapiga mziki kupima. Bila spika! Amplifaya ya valvu ukiipigisha bila spika transfoma ya kutolea sauti inakosa mzigo, volti zinapanda humo mpaka insulesheni inatoboka. Kijana wake anayejifunza kazi ndo alinisimulia, kasema moshi ulitoka. Huyo huyo kijana anatumwa kuchokonoa mule na bisibisi wakati kapasita zinaweza kubaki na chaji ya kuua mtu hata ukishachomoa plagi, hajaambiwa kitu hajafundishwa kuzitoa chaji kwanza.

Sasa hapo bado ilikuwa inatengenezeka wakuu. Kapasita zinanunuliwa, transfoma inasukwa upya. Kilichonifanya niandike ni siku nimeenda kuchukua nikafungua mgongo. Matundu ya valvu matupu yote. Katikati imebandikwa kwa gundi bodi ya Kichina ya bluetooth ina kitaa cha buluu. Waya za transfoma zimekatwa na plaizi, vipande vifupi vya rangi rangi vimebaki vinaning'inia. Anasema "nimekuboreshea bosi, sasa hivi unachomeka hadi flashi". Transfoma iko wapi? "Nimewapa vijana wa skrepa, shaba ile." Valvu? "Zile taa ziliungua, hazitengenezwi tena duniani."

Uongo mtupu! EL84 na zile valvu ndogo za ECC83 zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia wanatengeneza, Urusi, China, ukiagiza zinafika. Kama hujawahi kuzishika sema sijawahi, hakuna atakayekucheka, nitaichukua nipeleke Dar. Lakini kuchukua mali ya mtu, kung'oa moyo wake, kuuza kwa kilo halafu unanidai hela ya bodi ambayo sijakutuma!

Mjomba yupo hai, kila nikienda anaulizia imefikia wapi, na kwetu huku mnajua mjomba ni nani kwa mtu.

Wanunuzi wa skrepa wa Mtwara, Mikindani mpaka Lindi na Masasi, mkiiona transfoma nyeusi nzito ya mabati yaliyopangwa, waya zake zimekatwa fupi, nawaomba msiivunje, hata kama imeungua, njooni pm nainunua mara mbili ya bei ya shaba. Na wewe fundi najua watu wako wanasoma humu, bodi yako njoo uchukue, advansi yangu naitaka na valvu nazitaka hata kama zimeungua, uniwekee zote, Jumamosi nakuja na mwenyekiti wa mtaa.