Boti la faiba limetoka malengelenge na rangi inabanduka: naombeni ushauri

Mvuvi wa Mtoni: Wakubwa zangu, shikamooni. Nina boti la faiba la futi 22, la zamani, ambalo nimelikweza ufukweni hapa Pangani. Rangi ya ubavuni inabanduka, na chini, kuanzia mstari wa maji hadi kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), yametoka malengelenge, mengine kama punje ya mtama na mengine makubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Swali langu ni dogo: nipake rangi gani itakayodumu, kabla masika haijaingia?

Fundi Resini: Vaa miwani ya kazi, kisha utoboe lengelenge moja. Majimaji yakitoka na harufu kama ya siki, ujue maji yamepenya ganda la nje na kuingia kwenye resini, yaani gundi inayoshika nyuzi za faiba, na hapo rangi haitibu kitu. Yafungue yote, uyaoshe kwa maji ya bomba, uliache boti likauke kwa wiki kadhaa, ndipo uyajaze kwa epoksi, ile gundi ngumu inayochanganywa na kigandishi. Usitumie fila ya magari chini ya maji, kwa sababu hunyonya. Na tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ikoje? Igonge kwa nyundo ndogo utuambie mlio wake.

Mama wa Sahare: Paka nyeupe, mwanangu. Marehemu mume wangu alilipaka letu buluu iliyokoza, na ikifika saa sita mchana sitaha haikukanyagika bila kandambili.

Nahodha Mstaafu: Sisi tulikuwa tukisubiri bamvua, chombo kikae mchangani, tukipake sifa, yaani mafuta ya papa, na chokaa, na hakuna aliyeuliza duka la epoksi liko wapi. Vijana mnanunua vyombo msivyoweza kuvitunza.

Fundi Resini: Nahodha, mbao na faiba ni magonjwa mawili tofauti. Mwenye uzi, nimeuliza habari za tezi.

Mvuvi wa Mtoni: Nimeigonga, na mlio wake ni mzito kama wa gunia la mchanga. Kusema kweli, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Lakini nimeshapokea malipo ya awali ya wageni wanane wanaokwenda Kisiwa cha Maziwe Jumamosi ijayo, na galoni mbili za rangi ya mafuta nimeshazinunua. Mashine ni ya nguvu farasi 40 tu, nitakwenda polepole, na kwa nje nitafunga bamba la alumini kwa bolti.

Fundi Resini: Bamba litaficha uozo, halitabeba mashine. Plaiwudi iliyo katikati ya tezi imeoza, kwa hiyo kata ganda la ndani, uitoe yote, ugandishe mbao mpya kwa epoksi, kisha urudishe tabaka za faiba juu ya kingo ulizozisaga kwa mteremko wenye upana mara kumi na mbili ya unene wa ganda. Wala usiongeze kigandishi cha epoksi ili ikauke haraka, kwa maana kipimo chake hakibadilishwi.

Mpekuzi: Samahani, uzi huu una harufu ya kutungwa. Malengelenge ya namna hiyo hutoka kwenye boti lililolala majini miezi na miezi, ilhali boti la mvuvi hupandishwa mchangani. Ama boti linasema uongo, ama mwenyewe.

Mvuvi wa Mtoni: Sikutunga. Nililinunua mwezi uliopita, baada ya kufungwa mtoni miaka mitatu, na muuzaji aliniambia ni vipele vya joto.

Fundi Resini: Maji ya mto hupenya ganda upesi kuliko ya bahari. Sasa nakuamini. Kwa nini hukusema tangu mwanzo?

Mvuvi wa Mtoni: Kwa sababu fedha zilikuwa za kikoba cha mke wangu, naye husoma humu.

Mama wa Sahare: Ameshasoma, mwanangu. Kanipigia simu asubuhi.

Mvuvi wa Mtoni: Wageni nimewahamishia kwenye boti la jirani. Tezi nimeitoboa matundu matatu kwa chini, na tangu alfajiri yanatoka maji yenye rangi ya chai. Ninunue plaiwudi ya unene gani?

Fundi Resini: Usinunue bado. Fungua kwanza ganda la ndani, upime ile ya zamani mahali ambapo haijavimba.